Chumba cha Ketsia

Ukifika Bunia na kompyuta inayokohoa, mwulize mtu yeyote wapi pa kupata betri, chaja au diski. Atakuambia: mwandikie Ketsia. Hata mapadri wanamwandikia. Jina la Ketsia Informatique liko Facebook, liko WhatsApp, liko mgongoni mwa fulana ya Prince, mwenye pikipiki anayewapelekea wateja mizigo yao. Mji mzima unamjua Ketsia, na hakuna mteja aliyewahi kumwona. Wateja wengine humwita Fabien, mwenye duka, "Monsieur Ketsia," naye huitika tu, maana amechoka kueleza.

Mimi ni Adeline, shangazi yake Fabien, dada wa baba yake. Ninaishi naye hapa Ngezi, mtaa wa Bunia. Niseme mapema kwamba kompyuta sizijui wala sitaki kuzijua. Zimelala nyumbani kwetu zaidi kuliko wageni wote niliowahi kuwapokea, na hakuna hata moja iliyowahi kunitekea maji. Lakini Fabien namjua, nilimbeba mgongoni. Kama kuna mtu wa kusimulia jinsi duka lake lilivyonenepa na mwenyewe akakonda, ni mimi.

Sisi ni watu wa kilima kimoja, nyuma ya mji wa Kilo, huko Djugu. Fabien alikuwa akitengeneza redio na simu za wachimba dhahabu, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa na sababu mpya ya kupita ng'ambo ya kijito, nyumbani kwa Mama Léontine. Sababu yenyewe ilikuwa binti, Ketsia, msichana wa kicheko kirefu na ulimi usiolala. Wazee walikutana, wakanywa, wakashikana mikono. Kikabaki kitu kimoja tu, mwiko.

Kwetu kilimani ndoa haitimii kwa maneno ya wazee wala kwa mbuzi. Msichana akisharidhika moyoni, anachukua mwiko wa mama yake, ule ule wa kusongea ugali, anautuma nyumbani kwa mwanamume bila neno. Shangazi wa mwanamume wanaupokea. Siku hiyohiyo wanasonga nao ugali, wanaacha unga ukaukie juu yake, kisha wanaubeba hivyo hivyo bila kuuosha, wanakwenda kumchukua bibi arusi. Akiuona ule unga, anajua kwamba nyumba anayokwenda ina chakula na ina watu wanaomtaka. Msichana haulizi kama mwiko umefika, maana atakuwa amejiombea ndoa. Mwanamume naye haulizi mwiko utakuja lini, maana atakuwa ameonyesha njaa. Wote wanangoja. Na nyumba ikipokea mwiko ikanyamaza, tunasema imeulaza. Tusi kubwa kuliko hilo silijui.

Kisha vita vikarudi Djugu. Sitavisimulia. Mtu akikimbia hachagui cha kubeba: mimi nilifika Bunia nimeshika kifuniko cha sufuria, sufuria yenyewe nimeiacha motoni. Mama Léontine alikuwa akisonga ugali, akakimbia na mwiko mkononi. Njia yetu ilielekea Bunia. Njia yao ilielekea ziwani, wakapanda mashua Tchomia, wakavuka mpaka Uganda. Hivyo ndivyo Fabien alivyotenganishwa na Ketsia, kwa njia panda moja na kelele nyingi.

Hapa Ngezi Fabien aliweka meza mbele ya nyumba akaanza kutengeneza kompyuta za watu. Ng'ambo, Mama Léontine alibaki katika kambi ya wakimbizi, na Ketsia akaenda Kampala kufanya kazi katika duka la vifaa vya kompyuta, kwanza kufagia, baadaye kuuza. Siku moja mwalimu mmoja alileta kompyuta ambayo chaja yake imekufa, na chaja ya namna ile haikuwepo Bunia nzima. Fabien akampigia Ketsia. Ketsia akaitafuta, akaiweka kwenye basi, ikavuka ziwa, ikapanda gari kutoka Tchomia. Kabla ya kumpa mwalimu, Fabien aliilaza juu ya shuka langu jeupe akaipiga picha, akaiweka WhatsApp. Siku ile simu yake haikupumzika.

"Tantine," akaniambia, ndivyo anavyoniita shangazi yake, "minafungua boutique. Itakuwa mu telefone. Nitaiita Ketsia Informatique."

"Weye uko unapenda huyu mutoto ao uko unamuuzisha?"

"Vyote mbili," akasema, akacheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Duka likakua. Mungu ni shahidi, lilikua kama boga kwenye jalala. Leo diski mbili, kesho kumi. Watu wa Mahagi wakaandika, watu wa Aru, wa Komanda, wa Mambasa. Kila kitu kilipigwa picha juu ya shuka langu, mpaka watu sokoni wakalijua shuka kabla ya kunijua mimi. Fabien hakuwahi kumpa mtu kitu kibovu akanyamaza. Kikirudi anakipokea, anaomba msamaha, anampigia Ketsia. Ndiyo maana walimwamini. Mimi nikimtania kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, ananionyesha gunia la mchele jikoni na kuniuliza limeletwa na fimbo ya nani.

Alijenga. Nyuma ya nyumba yetu aliongeza chumba kimoja cha matofali, sakafu ya saruji, dirisha linalotazama upande wa vilima. Akamwagiza seremala kitanda kipana. Akanunua godoro, akaliacha ndani ya plastiki yake. "Plastiki ataitosha mwenyewe," akasema, kwamba Ketsia ndiye atakayeivua. Kiliitwa chumba cha Ketsia, na mtu hakuruhusiwa kuingia na viatu.

Basi nyumba ilikuwa tayari, shangazi yuko, kitenge changu cha safari nimeshakishona. Tulikuwa tunangoja mwiko.

Kwanza Ketsia hakuweza kuutuma. Mama yake alikuwa anaugua kambini, na mtu haondoi mwiko kwenye mkono wa mama mgonjwa. Hilo tulilielewa. Kisha Mama Léontine akafariki. Tulimlilia hapa Ngezi, tukakaa matanga bila maiti, watu wa kilima chetu waliobaki wakaja na kuni na chumvi. Fabien alimlilia Ketsia kwa simu na Ketsia akamlilia Fabien kwa simu, na hakuna kitu kibaya kama kumbembeleza mtu kwa kifaa ambacho betri yake inaisha.

Mwaka wa kilio ukapita. Nikajua Ketsia ameshavua nguo za matanga. Nikaanza kutazama kila katoni inayoshushwa getini, lakini sikuuliza, kwa sababu hatuulizi. Fabien naye alitazama. Nilimwona. Anafungua katoni ya betri, mkono wake unashuka mpaka chini, unapapasa, unatoka mtupu. Kisha anapiga picha betri.

Tangu kabla ya kilio kuisha duka lilikuwa limezidi kukua, na katoni zikakosa pa kukaa. Ya kwanza iliingia chumba cha Ketsia "kwa wiki moja tu, Tantine." Niliona siku ile, nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu. Wiki ikazaa wiki. Kompyuta zikapanda juu ya kitanda, printa zikaziba dirisha. Na claviers, yaani zile kibodi za kuandikia, zikaenda uvunguni mwa kitanda. Hizo zilikuwa mkosi wa duka. Kule Kampala herufi zao zimepangwa kwa Kiingereza, na hapa sisi tunaandika Kifaransa; mteja akitafuta A anapata Q, anarudisha na matusi juu. Lakini wenye duka la jumla walimlazimisha Ketsia kuzichukua pamoja na kompyuta. Kwa hiyo Fabien akaweka sheria: katoni ikiandikwa claviers, isifunguliwe, iende uvunguni moja kwa moja. Ilikuwa sheria ya mtu mwenye kazi nyingi, na hakuna aliyeiona kuwa mbaya.

Lakini kuna kitu kilibadilika, na nilikisikia kabla ya Fabien. Zamani Ketsia alikuwa akituma sauti, akiulizia diski na kuulizia watu. Ungeisikia uani kote: "Chéri, disques durs zilifika? Na Tantine, mugongo yake inaendelea aje? Umuambie asibebe maji!" Kisha akaanza kuandika. Maneno mafupi. *Zimetumwa. Mbili ziko mbovu. Merci.* Sauti ikaisha kabisa. Nikamwambia Fabien kwamba mwanamke akiacha kukusemesha akaanza kukuandikia, kuna jambo.

"Iko na kazi mingi, Tantine. Kama miye tu."

"Kazi iliikuta ile sauti, na haikuifunga."

Akarudi kwenye betri zake. Alikuwa amekonda sana. Wapenzi wengine hugombana wakapatana. Hawa walikuwa wanaagizana betri tu, na duka linastawi, na kila mtu Bunia anamsifu. Mimi nilimwonea huruma mpaka hasira. Nilianza kumchukia Ketsia kidogo, nasema wazi. Nikawaza: amepata mwingine huko, na anamweka mtoto wangu kama mteja.

Basi ikaja mvua ya mawe, mchana, muda mfupi kabla ya Noeli. Bati la chumba cha Ketsia likatoboka na maji yakaanza kuingia juu ya mali. Tukakimbia, mimi na Fabien, tukatoa kompyuta, tukatoa printa zilizokuwa hapo tangu Noeli iliyotangulia. Maji yalikuwa yanatambaa kuelekea uvunguni. Nikapiga magoti nikavuta claviers, moja, nyingine, na nyingine tena, nzito zote. Ya mwisho, iliyokuwa imesukumwa mpaka ukutani, ilikuja mkononi bila kunisumbua.

"Fabien, hii haiko clavier. Hii iko nyepesi."

"Iko câbles tu, Tantine. Weka pale."

Mimi si mtu wa kuweka pale. Nikachana gundi. Ndani kulikuwa na kitenge cheusi cha matanga, kile mtu anachokivua mwaka wa kilio ukiisha. Nikakikunjua. Ndani ya kitenge kulikuwa na mwiko.

Ulikuwa na kovu la moto kwenye mpini, mahali ulipowahi kuteleza jikoni kwa Mama Léontine. Kila mtu wa kilima chetu alilijua lile kovu. Fabien aliliona kutoka mlangoni. Alikuwa amebeba kompyuta mikononi, akaiweka chini kwenye maji, ndani ya maji kabisa, bila kuangalia.

"Njo ule?" akauliza, kama ndio wenyewe.

"Njo huu."

Akakaa sakafuni. Tuliona wote wawili mahali ulipokuwa, nyuma ya kila kitu, chini ya mwaka mzima wa mali. Ketsia alivua kilio, na kitu cha kwanza alichofanya ni kututumia mkono wa mama yake. Sisi tukaulaza. Tukauweka chini ya kitanda chake mwenyewe, tukarundika printa juu, tukamwandikia: *tuma batteries za HP*. Fabien alilia kwa sauti, mwanamume mzima, na simu yake ikawa inaita, inaita, wateja.

Aliposhika simu nilidhani anataka kuizima. Kumbe anatafuta namba ya Ketsia. Nikamnyang'anya.

"Muiko hausemewi ku telefone. Kama tulikosa, tutakosa mara mbili?"

"Tantine, mwaka muzima! Iko anafikiri nilimukatala!"

"Njo maana miguu yangu itaenda. Washa moto."

Tukasonga ugali uani, mvua ikiwa bado inadondoka kwenye mapaa, tukaula bila kitoweo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kitoweo. Unga ukakaukia juu ya mwiko. Shangazi wa kwenda walipaswa kuwa watatu. Wenzangu wawili hawakufika Bunia. Kwa hiyo nilivaa kitenge changu, nikaufunga mwiko katika kile kitenge cheusi, nikashika njia ya Tchomia peke yangu. Niliwaimbia wenzangu sehemu zao kimoyomoyo ndani ya mashua.

Sitaisimulia Kampala, sikuiona. Nilikuwa natafuta mtu mmoja. Duka lilikuwa ghorofani, ndani ya jengo lililojaa kompyuta tangu chini mpaka juu, na Ketsia alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kioo. Amevaa miwani. Amenenepa kidogo, anapendeza. Alikuwa anamweleza mteja kitu kwa Kiingereza na mikono yake ilikuwa inachambua nyaya bila yeye kuitazama.

Sikuita. Nilifungua kitenge nikauweka mwiko juu ya kioo, na unga wake.

Akaziacha nyaya. Mteja akaondoka, hata sijui saa ngapi.

"Shangazi," akasema. Hakusema Tantine; aliniita kwa cheo cha aliyeleta mwiko.

"Nimekuya."

Akakwaruza unga kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayeangalia kama ni wa kweli. "Ulikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Kitanda ya nani?"

"Yako. Haiyalaliwa na mutu. Iko na plastiki yake mpaka leo."

Akacheka. Kile kicheko chake kirefu cha kilimani kikatoka, nikadhani tumepona. Kisha hakikukoma, kikageuka kilio, akaegemeza uso kwenye ule mwiko wenye unga. Nikazunguka meza nikamshika. Nilimlilia mama yake, nikawalilia wenzangu wawili, nikamlilia huyu mtoto ambaye mwaka mzima nilikuwa namnung'unikia rohoni.

"Kwa nini mu clavier, mwanangu?" nikamwuliza tulipotulia.

"Mu njia bantu banafungua cartons. Banabeba yenye inabapendeza. Clavier, hakuna mutu anaiba." Akafuta miwani. "Nilifikiri Fabien anafunguaka kila kitu yenye minatuma."

Kumbe kwa wiki nyingi alikuwa anakwenda kwenye kituo cha mabasi yanayotoka ziwani, anatazama akina mama wanaoshuka, anatafuta kitenge cha shangazi. Kisha akaacha kwenda. Kisha akaacha kutuma sauti, kwa sababu alijua ingemtoa machozi. Lakini mizigo hakuacha kutuma. Nilimwuliza kwa nini. Alisema ilikuwa njia pekee iliyobaki ya jina lake kufika Ngezi.

Alinipeleka kwake. Chumba kimoja, safi. Akasonga ugali kwa ule mwiko, akapika na samaki mbichi wa ziwa, tukala. Kisha akauosha. Nikatazama mikono yake, nikajua kwamba safari yangu yote iko pale. Akiuweka kwenye kikapu changu, tunaondoka pamoja.

Akautundika ukutani, kwenye msumari, juu ya jiko.

"Shangazi, usinikasirikie," akasema. "Miye nilituma chargeurs. Nilituma disques, nilituma ordinateurs, kompyuta nzima, nilituma muiko ya mama. Miaka yote miye njo natuma, na Fabien iko anapokea. Umuambie sasa ajitume ye mwenyewe. Kama anakuya, tutaongea. Kama anakuya na orodha ya batteries, arudi nayo."

Nilitaka kumbishia kwa desturi. Nikatafuta desturi ya kumjibu, nikaikosa. Alisema kweli.

Nilirudi. Fabien alikuwa getini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nyuma yake niliona chumba cha Ketsia, mlango wazi, hakuna hata katoni moja ndani. Alikuwa ameziba bati, amepaka ukuta chokaa, mali yote ameitoa nje kwenye baraza chini ya turubai. Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anayeshuka kwenye gari. Kisha akanitazama mikono.

"Muiko uko wapi?"

"Ku msumari. Ku nyumba yake." Nikampa maneno yote, kama nilivyopewa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari ya betri, na ilikuwa bora kwake. Alinikabidhi simu ya duka, akanionyesha mahali pa kubonyeza, akanibusu mimi shangazi yake kwenye paji la uso. Gari lililonileta lilikuwa halijageuza. Akapanda na shati lake jeupe, mikono mitupu.

Imeshapita miezi. Ketsia Informatique haijafungwa, inazidi kukua. Fabien anawajibu wateja kutoka Kampala kwa simu mpya, Prince anapeleka mizigo, na Bunia haijagundua kwamba Monsieur Ketsia hayupo. Mimi ndiye ninayepokea katoni. Fabien akinipigia huniambia habari za mali, na hunipa salamu za Ketsia. Nimesikia tena kile kicheko nyuma ya sauti yake, mara moja au mbili. Kama wamepatana, kama watakuja, kama wataniacha hapa na vilima dirishani, haniambii. Nami siulizi. Kwetu hatuulizi.

Chumba nakifagia kila asubuhi. Plastiki ya godoro sijaigusa. Katoni zote zinakaa kwenye baraza hata mvua ikinyesha, na kila inayofika naifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, napapasa mpaka chini kabla sijamruhusu Prince kuichukua. Ananiambia, "Mama, hizo ziko claviers tu, uache." Hizo ndizo ninazozifungua kwanza.